Safari ya 'Kothbiro': Jina moja kwenye jalada, haki za wengi ndani ya wimbo

MWIMBAJI anapoihama bendi aliyoitumikia kwa miaka mingi na kutoa albamu kwa jina lake mwenyewe, mashabiki huuliza iwapo sauti yake itaweza kusimama bila wenzake. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, lipo jingine lililo zito zaidi ambalo huulizwa kwa nadra mno: nyimbo anazoondoka nazo ni mali ya nani?

Katika miji ya Bonde la Ufa ya kati, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru, Njoro, Molo na Eldama Ravine, suala hilo si la vitabuni tu. Bendi huundwa na kuvunjika kila mwaka. Mpiga gitaa huondoka na tuni kichwani, mwimbaji huondoka na maneno, naye mwenye studio hubaki na rekodi. Mambo huwa shwari hadi siku wimbo ule unapopata soko. Hapo ndipo kila mmoja hukumbuka mchango wake na kusahau wa mwenzake.

Hakuna mfano wa Kenya unaoeleza jambo hili kwa uwazi kuliko albamu ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa nchini Uingereza mwaka 1993 na marehemu Ayub Ogada. Ndani ya albamu hiyo ya nyimbo 10 umo wimbo wa Kothbiro, ambao Ogada na wenzake walikuwa wameurekodi jijini Nairobi miaka 17 kabla. Wimbo huo umevuka bahari, ukaingia katika filamu iliyotwaa tuzo ya Oscar na hatimaye ukapenya katika albamu ya mwanamuziki wa Marekani iliyoongoza chati za nchi hiyo. Kila hatua ya safari hiyo ina funzo kuhusu jina, karatasi na mirabaha.

Ili kuielewa safari yenyewe, yafaa kuanza na mkongwe mwingine, kwa kuwa albamu ya Ogada ilipitia mlangoni pake.

Mkongwe aliyeihama Genesis

Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Uingereza walianza kuupanua muziki wa roki kupita kiasi kilichozoeleka. Badala ya wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio kimoja, walitunga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, zilizobadilisha mapigo mara kwa mara na kuazima mbinu kutoka muziki wa okestra, jazi na maigizo ya jukwaani. Aina hiyo ilikuja kuitwa roki ya progresivu.

Miongoni mwa bendi zilizotamba katika uwanja huo ni Genesis, na mwimbaji wake alikuwa Peter Gabriel, mzaliwa wa mwaka 1950. Katika albamu ya Foxtrot ya mwaka 1972, wimbo mmoja pekee ulichukua takriban dakika 23. Gabriel alipanda jukwaani akiwa amevaa vinyago na mavazi ya ajabu, akawa uso wa bendi machoni pa umma.

Mwaka 1975 aliondoka. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyimbo za Genesis za miaka hiyo zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya wanabendi wote kwa pamoja. Aliyekuwa uso wa bendi hakuweza kudai kuwa nyimbo ni zake peke yake, nao waliobaki hawakuweza kulifuta jina lake. Gabriel alianza upya. Albamu zake nne za kwanza za kujitegemea, za mwaka 1977, 1978, 1980 na 1982, zilibeba jina lake tu, kana kwamba alikuwa akijitambulisha upya kila mara. Wimbo wake wa kwanza uliovuma, Solsbury Hill, ulihusu uamuzi huohuo wa kuondoka.

Albamu ya tatu ilikuwa na wimbo wa Biko, uliomwomboleza mwanaharakati wa Afrika Kusini, Steve Biko, aliyefariki mikononi mwa polisi mnamo Septemba 1977. Kuanzia hapo sikio la Gabriel liligeukia muziki wa mabara mengine. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha tamasha la WOMAD katika mji wa Shepton Mallet, ambako wapiga ngoma wa Burundi walitumbuiza pamoja na bendi za roki za Uingereza.

Kisanaa tamasha lilisifiwa, lakini kifedha lilikuwa janga. Madeni yalikuwa makubwa kiasi kwamba wanabendi wa zamani wa Genesis walikubali kukutana tena kwa onyesho moja mjini Milton Keynes, mnamo Oktoba 2 mwaka huo, ili kumnasua mwenzao. Bendi iliyoachwa ndiyo iliyomwokoa aliyeondoka.

Baadaye Gabriel alijenga studio za Real World katika kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath, na mwaka 1989 lebo ya santuri yenye jina hilohilo ikazinduliwa. Wanamuziki wa Afrika Mashariki hawakukawia kufika. Remmy Ongala, mzaliwa wa Congo aliyeishi na kuvumia Tanzania, alitoa albamu ya Songs for the Poor Man kupitia lebo hiyo mwaka 1989. Geoffrey Oryema wa Uganda alifuata kwa albamu ya Exile mwaka 1990. Zamu ya Kenya ilikuwa njiani.

Job Seda na Black Savage

Ayub Ogada alizaliwa mjini Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Chicago, Marekani, ambako wazazi wake walikuwa wakitumbuiza muziki wa Kiluo mbele ya wanafunzi wa vyuo. Hivyo basi, kijana huyo alikulia katikati ya dunia mbili: ya ala za kwao Nyanza na ya muziki wa Marekani.

Miaka ya 1970 ilimkuta Nairobi. Jiji lilikuwa na bendi nyingi zilizopiga muziki wa soul, fanki na roki kwa vijana wa mjini, sambamba na rumba na benga zilizotawala mabaa na redio. Black Savage ilikuwa miongoni mwa bendi za mkondo huo. Ilichanganya gitaa za umeme na midundo ya Kiafrika, ikaimba kwa Kiingereza na pia kwa lugha za nyumbani.

Mwaka 1976 bendi hiyo ilitoa Kothbiro. Kwa Kijaluo, koth ni mvua na biro ni kuja. Jina lote linamaanisha kuwa mvua inakuja. Maudhui yake ni ya kawaida kabisa kwa yeyote aliyelelewa penye mifugo: wingu limetanda, watoto wanaitwa, ng'ombe warudishwe nyumbani kabla mvua haijawafika. Mfugaji wa Solai au Mogotio hahitaji mkalimani kuelewa haraka iliyomo katika wito huo.

Utunzi wa wimbo unatambuliwa kuwa wa watu wawili: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Majina hayo mawili ndiyo kiini cha makala hii, kwani yote yaliyofuata yalitegemea kuandikwa kwake.

Mchango wa mwana wa Eldama Ravine

Baada ya Black Savage, Job Seda alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band mwaka 1979. Bendi hiyo ilizaliwa chini ya paa la African Heritage, jumba la sanaa la Nairobi lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Joseph Murumbi pamoja na Mmarekani Alan Donovan.

Hapa Bonde la Ufa ya kati inaingia katika simulizi. Murumbi, aliyehudumu kwa muda mfupi kama Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, mama yake akiwa Mmaasai na baba yake mfanyabiashara mwenye asili ya Goa. Alipoachana na siasa za juu alijitosa katika ukusanyaji wa sanaa, vitabu na nyaraka za Afrika, wakati ambapo wengi waliona vitu hivyo kuwa vya kuuzia watalii tu. Sehemu ya hazina yake imehifadhiwa katika Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa jijini Nairobi.

Fikra za jumba lile zilikuwa kwamba ala za wazee zinaweza kusimama jukwaani pamoja na za kisasa bila kuona haya. Bendi yake iliweka ala za asili bega kwa bega na gitaa na saksafoni, na ikasafiri ng'ambo pamoja na maonyesho ya mitindo ya African Heritage. Ni katika mkondo huo ambapo mwanamuziki aliyetoka kwenye roki aliifanya nyatiti kuwa ala yake kuu.

Nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji wa jadi huketi kwenye kigoda, hupiga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu hugonga ubao wa ala kuweka mapigo. Mtu mmoja hivyo huwa bendi nzima. Ala za ukoo huo zinapatikana pia kwa majirani: Abagusii wana obokano, Wabukusu wana litungu na Wakipsigis wana kibugandet.

Kutoka njia za reli hadi Real World

Job Seda pia aliigiza. Katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 aliigiza kama Kanuthia. Mwaka uliofuata alifunga safari kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Jijini London alipiga muziki barabarani na katika njia za treni za chini ya ardhi, akitegemea sarafu za wapita njia. Ni wakati huo alipojulikana kwa jina la Ayub Ogada; Ayub, bila shaka, ndiye Job kwa matamshi ya Kiarabu na Kiswahili.

Watu wa WOMAD walimsikia, na mwaka 1988 akaalikwa katika tamasha lao huko Cornwall. Miaka mitano baadaye, lebo ya Real World ilitoa En Mana Kuoyo. Jina hilo linamaanisha kuwa ni mchanga tu. Mwanamuziki aliyeanzia katika bendi ya magitaa ya umeme alikuwa sasa na albamu yake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 37, nayo ilikuwa tulivu kuliko yote aliyowahi kufanya: nyatiti, sauti yake ya upole, na ala chache za kusindikiza.

Kothbiro ilirudi humo ikiwa imevuliwa vazi la bendi. Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo, kwa kuwa tangu mwaka huo kulikuwa na Kothbiro mbili. Utunzi ulikuwa mmoja, wa Achieng na Ogada. Rekodi zilikuwa mbili: ile ya Black Savage ya mwaka 1976, na ile ya Real World ya mwaka 1993.

Filamu ilichukua moja, rapa akachukua nyingine

Mwaka 2005 ilitoka filamu ya The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré na kuongozwa na Fernando Meirelles wa Brazil. Sehemu zake zilipigwa nchini Kenya, ikiwemo Kibera na Loiyangalani. Mwigizaji Rachel Weisz alitwaa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Watazamaji wa mabara yote waliisikia humo Kothbiro kwa sauti ya Ayub Ogada, na wengi wao hawakuwahi kusikia neno la Kijaluo kabla ya siku hiyo.

Miaka 13 baadaye, mnamo Juni 1, 2018, rapa wa Marekani Kanye West alitoa albamu yake iitwayo ye. Albamu hiyo iliingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard 200. Wimbo wake wa pili, Yikes, umejengwa juu ya kipande cha sauti kilichokatwa kutoka Kothbiro. Lakini kipande hicho hakikutoka kwenye albamu ya mwaka 1993. Kilitoka kwenye rekodi ya zamani ya Black Savage.

Katika maelezo ya umiliki wa Yikes, majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yaliorodheshwa miongoni mwa watunzi, bega kwa bega na la Kanye West mwenyewe. Wakenya wengi walishangilia mitandaoni. Walioelewa sheria walishangilia zaidi, kwa sababu waliona kilicholeta majina hayo pale: hayakufika kwa hisani ya mtu, bali kwa kuwa yalikuwa yameandikwa.

Ogada hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki Februari 1, 2019, huko Nyahera, Kisumu, akiwa na umri wa miaka 63 kwa hesabu ya mwaka wa kuzaliwa. Alikuwa amerejea nyumbani miaka kadhaa kabla, baada ya muda mrefu ughaibuni.

Haki mbili ndani ya wimbo mmoja

Mkasa huu unafafanua jambo ambalo huwachanganya wanamuziki wengi. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili tofauti, wala si moja.

Ya kwanza ni haki ya utunzi. Hii huhusu maneno na tuni, na humilikiwa na aliyetunga au waliotunga. Yeyote atakayeuimba wimbo huo upya, hata kwa ala nyingine na sauti nyingine, bado anautumia utunzi wao.

Ya pili ni haki ya rekodi. Hii huhusu sauti yenyewe iliyonaswa siku ile studioni. Kwa kawaida humilikiwa na aliyeandaa na kugharimia kazi hiyo, yaani lebo au mtayarishaji, isipokuwa pale mapatano yanaposema vingine. Waimbaji na wapiga ala walioshiriki nao wana haki zao kama watumbuizaji.

Mtu akizingatia tofauti hiyo, safari ya Kothbiro huwa wazi kama mchana. Watengenezaji wa filamu waliotumia rekodi ya mwaka 1993 walihitaji ridhaa ya mwenye rekodi hiyo, na pia ya wenye utunzi. Rapa aliyekata kipande cha rekodi ya mwaka 1976 alihitaji kushughulika na rekodi nyingine kabisa, yenye mmiliki mwingine, lakini watunzi walibaki walewale. Rekodi hubadilika, utunzi haubadiliki. Ndiyo sababu Achieng, ambaye jina lake halikuwa juu ya jalada la En Mana Kuoyo, hakupotea hata wimbo ulipokuja kujulikana duniani kwa sauti ya mwenzake.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatoa ulinzi wa utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Watunzi wakiwa zaidi ya mmoja, hesabu huanzia kifo cha yule wa mwisho. Kwa kuwa Ogada alifariki mwaka 2019, hakimiliki ya utunzi wa Kothbiro nchini haiwezi kumalizika kabla ya mwisho wa mwaka 2069. Watoto wanaozaliwa leo katika hospitali za Nakuru watakuwa na umri wa zaidi ya miaka 40 wakati huo. Kwa rekodi, sheria hiyo inataja miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao rekodi ilifanywa.

Zaidi ya fedha, sheria inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake. Hata akiuza haki za kibiashara, hilo la jina halimtoki maishani mwake. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 40, inaitaka serikali kuunga mkono, kukuza na kulinda haki miliki za Wakenya.

Funzo la Kapkatet

Kuna atakayesema kuwa mambo haya ni ya London na Los Angeles, hayawahusu wapigaji wa nyanjani. Historia ya Bonde la Ufa inamkosoa.

Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kericho, akiwa na mitambo ya kurekodi. Miongoni mwa aliyoyanasa ni nyimbo tatu za Wakipsigis zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimeingia vijijini pamoja na gramafoni. Katika toleo la tatu, wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya walimwimba mgeni huyo asiyeonekana, ambaye dhana ilikuwa kwamba ni nusu mtu, nusu paa.

Rekodi zile zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey nchini Afrika Kusini, zikasikilizwa na kusifiwa na wageni kwa miongo mingi bila wenyeji kuzisikia. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti wa maktaba hiyo wakishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul ya Nairobi walizirejesha kwa jamii ya Kapkatet. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu moja ya wazi: Tracey alikuwa ameandika mahali, tarehe na majina. Pasingekuwa na majina, pasingekuwa na wa kumrudishia.

Tangu mwaka 2016, Kenya ina sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, inayotambua kuwa zipo nyimbo ambazo mwenyewe si mtu mmoja bali jamii. Hilo ni hatua, lakini wimbo mpya unaotungwa leo na vijana watano katika chumba cha mazoezi mtaani Bondeni au Kaptembwo si wa jamii nzima. Ni wa hao watano, au wa wawili kati yao, na wao ndio wanaopaswa kusema hivyo mapema.

Yanayoweza kufanywa kabla ya kuingia studioni

Hatua zinazohitajika si ngumu wala ghali. Kwanza, siku wimbo unapokamilika, wanabendi waketi na kuandika ni nani aliyetunga maneno, nani aliyetunga tuni, na kila mmoja ana fungu gani. Karatasi hiyo itiwe sahihi na wote, kila mmoja abaki na nakala. Ugomvi mwingi wa hakimiliki huzuka kwa kuwa mambo haya huachwa hadi fedha zinapoonekana, wakati ambapo kumbukumbu ya kila mtu huwa imeegemea upande wake.

Pili, kuwe na maandishi kati ya bendi na mwenye studio. Ikiwa amelipwa kwa kazi yake ya kurekodi, isemwe. Ikiwa amegharimia kazi na anatarajia kumiliki rekodi, nalo lisemwe. Mji wa Kericho ulikuwa kwa miongo kadhaa kituo cha santuri kupitia kampuni ya Chandarana, iliyochapisha benga na muziki wa Kikalenjin uliosikika kote magharibi mwa nchi. Rekodi za enzi hizo zinatafutwa sasa na wakusanyaji wa ng'ambo, na kila zinapotolewa upya swali la nani alipwe huanzia kwenye mapatano ya siku ile ya kwanza.

Tatu, kazi isajiliwe. Kisheria hakimiliki huanza mara kazi inapowekwa katika umbo la kudumu kama maandishi au rekodi, bila kusubiri cheti. Hata hivyo, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea usajili wa hiari, nao huwa ushahidi mzuri siku ya mzozo. Mashirika ya kukusanya mirabaha yamekuwa na migogoro ya muda mrefu na lawama kutoka kwa wasanii, lakini hakuna shirika lolote, liwe jema au baya, linaloweza kumlipa mtunzi ambaye jina lake halimo popote.

Nne, familia ijulishwe. Haki inayodumu miaka 50 baada ya kifo ni urithi kama shamba, na shamba lisilo na hati huliwa na wajanja. Mjane au mtoto asiyejua kuwa marehemu alitunga wimbo fulani hawezi kuudai.

Wakongwe hawa wawili wanaonyesha kuwa kuondoka katika bendi si usaliti. Gabriel, akiwa na umri wa miaka 73, alitoa albamu yake ya i/o mnamo Desemba 1, 2023, takriban nusu karne baada ya kuaga Genesis, na nyimbo za zamani bado zina majina ya wote waliozitunga. Ogada alikwenda na sauti yake hadi kijiji cha Box na akarudi kuzikwa nyumbani, ilhali jina la Achieng lilibaki kando ya lake katika wimbo walioutunga pamoja wakiwa vijana.

Kwa bendi zinazoendelea kuchipuka Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ushauri wa wahenga ungali na nguvu ileile: mali bila daftari huisha bila habari. Gitaa huweza kununuliwa tena na studio ikapatikana nyingine, ila jina ambalo halikuandikwa siku wimbo ulipotungwa ni vigumu mno kulirudisha baada ya miaka 40.